Usiku wa taarabu ukumbini: kwa anayekwenda bila kumjua mtu

Anayekwenda kwenye onyesho la taarabu kusikiliza nyimbo tu atarudi amenuna. Bendi itapanda jukwaani kwa kuchelewa, spika zitafunguliwa kuliko ukumbi unavyohimili, na ubeti mtamu kuliko yote utamezwa na vigelegele. Nyimbo zenyewe unazo kwenye simu, tena zimerekodiwa kwa utulivu studio. Kinacholipiwa mlangoni ni watu. Hakuna sehemu nyingi mjini ambapo mtu mzima, mwenye watoto na kazi yake, anaweza kuingia peke yake usiku, akakaa karibu na asiowajua, na baada ya muda wakawa ndio wanaokuja kukaa naye matanga. Kwa kipimo hicho ndipo tunapoipima huduma hii ya usiku wa taarabu hapa, na kwa kipimo hicho inapita vizuri, japo ina madoa yake ambayo tutayataja bila kuyapaka mafuta.

Sifa mbaya ya mashabiki wa taarabu kila mtu anaijua. Ni wambea, hawana kazi, wanakesha kumbi kwa kumbi wakitafuta wa kumrusha roho. Mwanamume akionekana anaipenda, huulizwa kama yuko sawasawa. Waliosema hivyo wengi wao hawajawahi kukaa kwenye meza moja ya ukumbi ule na kuuliza wenzao wanafanya nini mchana. Utakuta mamalishe, mwalimu wa shule ya msingi, nesi aliyetoka zamu, mwenye saluni na wateja wake wawili, mama anayechukua samaki soko la Feri alfajiri na kuwauza mtaani. Hao wasio na kazi ndio wanaoamka saa kumi usiku. Umbea upo, hatutaukataa, lakini umbea upo pia ofisini na kwenye daladala, na huko hakuna anayekuimbia.

Wala mpangilio huu wa mashabiki kuwa vikundi vya kusaidiana haukuletwa na kinanda cha umeme cha taarabu ya kisasa. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa ngoma, mavazi ya sare na karamu, na vyama hivyohivyo ndivyo vilivyobeba harusi na misiba ya wanachama. Zanzibar, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliitoa taarabu kwenye kumbi za wakubwa na kuiimba kwa Kiswahili mbele ya watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, akizungumzia kesi zao, dhuluma zao na mambo ya mtaa wao. Tangu hapo msikilizaji wa taarabu amekuwa mtu anayejitafuta ndani ya wimbo na kutaka wenzake wamwone akijikuta. Bila kulielewa hilo, nusu ya yanayotendeka ukumbini utayaona vituko.

Milango ya kuingilia ni mitatu, na inatofautiana sana kwa mgeni.

Wa kwanza ni taarabu asilia ya vilabu vya Unguja. Ikhwan Safaa kilianzishwa 1905, Culture Musical Club 1958, na Culture ina makao yake Vuga. Hapa wapigaji hukaa kwa safu: fidla kadhaa, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani), udi, akodiani, nai (filimbi ya mwanzi), besi kubwa la kusimama, na upande wa ngoma dumbaki, bongo na rika (tari ndogo). Usiku hufunguliwa kwa bashraf, ambayo ni kipande cha vyombo vitupu bila mwimbaji, kisha waimbaji hupanda mmoja mmoja, kila mtu na wimbo wake. Ukitaka masikio yashibe, njoo huku. Ukitaka marafiki, usisubiri onyesho la jukwaa kubwa kama lile la tamasha la Sauti za Busara mwezi wa pili, ambapo nusu ya waliohudhuria wana ndege ya kuwahi. Nenda klabuni jioni ya mazoezi, bisha hodi, uliza kama unaweza kukaa usikilize. Kaa nyuma, usirekodi kabla ya kuruhusiwa, na usiondoke katikati ya wimbo. Kinachofungua mdomo wa wazee wa klabu ni swali la ushairi: nani katunga, na kamkusudia nani. La kwanza watakujibu papo hapo. La pili watacheka kwanza.

Wa pili ni taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya tathmini hii. Kinanda, gitaa la solo, gitaa la besi na mdundo wa mashine vimechukua nafasi ya kanuni na fidla, na watu hucheza badala ya kukaa. Dar es Salaam ndiyo makao yake makuu, ingawa waimbaji wake wengi chimbuko lao ni Visiwani. Khadija Kopa mwenyewe alianzia Culture kabla ya kuvuka bahari. Kumbi kama Travertine ya Magomeni na Dar Live ya Mbagala zimeshuhudia uzinduzi wa nyimbo nyingi ambazo leo zinapigwa kwenye kila saluni.

Wa tatu ni harusi. Mombasa, Lamu, Unguja, na hata Muscat na Dubai kwa familia zenye asili ya Zanzibar, usiku wa wanawake bado unaweza kualika mwimbaji wa taarabu. Hakuna kiingilio wala tangazo. Unaingia kwa kadi au kwa kushikwa mkono na mwenyeji. Kwa ukaribu wa watu hakuna kinachoufikia usiku huo, ila kwa asiyemjua mtu mlango umefungwa. Ukialikwa, simu iache kwenye mkoba. Wanawake wameacha mabuibui pembeni na wamevaa walivyotaka wenyewe, na picha moja ikitoka nje hutaalikwa tena, wala aliyekuleta hataalikwa.

Tuje kwenye ukumbi wa kisasa, na tuanze na saa. Tangazo likisema saa mbili usiku, hesabu kwamba bendi itapanda karibu na saa nne. Wageni hulalamika, na wana haki yao, lakini kwa anayetafuta watu muda huo wa kusubiri ndio wenye thamani kuliko wote. Muziki ukishaanza husikii jirani yako anasema nini hadi wimbo uishe, na wimbo wenyewe ni mrefu. Fika saa tatu kasorobo. Usikae meza tupu. Tafuta meza ya wanawake wanne au watano yenye kiti kimoja kimebaki, toa salamu, uliza kama kiti kina mwenyewe. Swali la pili liwe kuhusu bendi: "Leo ataimba ile mpya?" Kama wao ni mashabiki wa kudumu, watakueleza hata ambalo hukuuliza.

Siku nayo ina maana yake. Bendi nyingi hupumzika mwezi wa Ramadhani na kurudi Idi mosi na Idi pili na nyimbo mpya. Usiku wa Idi ukumbi hufurika, watu wamevaa vipya, shangwe hadi alfajiri. Ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa anayeanza. Vikundi vimekuja vimekamilika, meza zimeshikwa, na hakuna mwenye nafasi ya kumjali mgeni. Anza na onyesho la kawaida la wiki, ukumbi wa mtaani, watu mia au chini ya hapo. Idi utaenda ukiwa tayari una meza yako.

Sasa kutunza, maana hapa ndipo wageni wengi huharibu, na hapa ndipo urafiki unapozaliwa.

Kutunza ni kumpelekea mwimbaji fedha jukwaani wakati anaimba. Anayeona kwa mara ya kwanza hudhani ni kuonyesha utajiri. Wapo wanaoonyesha, lakini kazi ya noti ile ni nyingine: inasema "haya maneno ni yangu." Ndiyo maana wakati wa kuinuka una uzito kuliko kiasi. Ukiinuka kwenye ubeti unaosema mume kaniacha na wala sikonda, ukumbi mzima umeshaandika moyoni kwamba wewe yamekukuta. Ukiinuka kwenye ubeti unaomsuta jirani mwenye kijicho, macho yatazunguka kumtafuta jirani. Kwa hiyo mgeni ainuke kwenye kiitikio, kinachoimbwa na wote na kisicho na mwenyewe. Beti waachie wenye nazo.

Utaratibu ni huu. Fedha zivunje mapema, mchana, dukani au kwa wakala, kwa sababu ukumbini chenji haipatikani na anayekuuzia noti ndogo mlangoni hukata chake. Kama umejipangia shilingi 20,000 za kutunza kwa usiku mzima, ziwe noti 20 za 1,000, na noti tatu tu zitoke mkobani kwa wimbo mmoja. Shika noti moja kati ya kidole cha shahada na cha kati, ikunjuliwe ionekane, mkono juu kidogo ya bega. Tembea kwa mwendo wa ngoma. Anayekimbia huonekana ana deni. Ukifika, mpe mwimbaji mkononi au weka kwenye sahani kama ipo, mpungie, geuka kwa upande wa pili na urudi. Mwanaume asibandike noti kwenye mwili wa mwimbaji wa kike, hata kama ameona mlevi fulani akifanya. Na usisimame mbele yake ukicheza wimbo mzima, maana nyuma yako kuna foleni.

Foleni hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini nyimbo za kisasa hupita dakika kumi, na ukumbini zikaendelea zaidi. Mpiga kinanda anaitazama. Ikiwa bado watu wanakuja, kiitikio kinarudiwa, gitaa la solo linapewa mzunguko mwingine, mwimbaji anataja majina ya waliofika mbele. Foleni ikikauka, wimbo unafungwa. Mashabiki ndio wanaoamua urefu wa wimbo, na wanalijua hilo.

Mgeni anapata nini hapo? Kwanza, mara nyingi hutainuka peke yako: jirani wa meza atakugusa bega, "twende." Kwenda pamoja mara moja kunafanya kazi ya mazungumzo ya saa nzima. Pili, ipo desturi ya kumpa mwenzako noti akatunze kwa niaba yako, au kumtunza shabiki mwenzako anapocheza vizuri. Noti ya 1,000 unayompa jirani asiye na chenji, ukikataa kurudishiwa, ni uwekezaji mzuri kuliko soda. Usianze kwa kubwa. Anayemwaga 5,000 tano usiku wa kwanza hukaribishwa kwa mbwembwe, kisha wiki inayofuata anaombwa mchango wa jambo asilolijua, na akishindwa anaonekana kabadilika.

Doa liko hapohapo. Shinikizo la kutunza ni la kweli, na wapo wanaokopa. Mshereheshaji hodari anajua kuwataja watu kwa majina mpaka waone aibu kukaa. Dawa ni kuweka noti za usiku kwenye bahasha na nauli ya kurudi kwenye mfuko mwingine, na zikiisha kwenye bahasha, unapiga makofi tu. Wazoefu hufanya hivyo, na hakuna anayewacheka.

Upande wa sauti alama zinashuka. Kumbi nyingi zina paa la bati na sakafu ya saruji, hivyo besi hurudi kutoka ukutani na kuyafunika maneno, na taarabu bila maneno ni kelele. Fundi mitambo hujaribu kuyaokoa kwa kuongeza sauti ya mwimbaji, spika zinaanza kukwaruza. Ule mlio wa filimbi unaotoboa masikio una sababu mbili. Mwimbaji anakifunika kichwa cha maiki kwa kiganja, au anawafuata wanaomtunza hadi mbele ya spika kubwa, maiki ikasikia sauti yake yenyewe na kuirudisha. Waimbaji wa zamani husimama mahali pamoja na kuacha watu waje, wachanga hutembea. Kaa karibu na meza ya fundi mitambo, kwa kawaida katikati nyuma, kwa sababu yeye anapanga sauti kwa masikio yake palepale alipo. Kona za mbele, chini ya spika, ziepuke hata kama ndizo zilizobaki.

Kwa asilia tatizo ni la aina nyingine. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimekaa tatutatu kwa kila noti, na daraja lake limeegemea vipande vya ngozi. Upepo wa bahari ukiwa na unyevu ngozi inalegea, nyuzi zinashuka, na mpigaji anarudia kukaza kwa ufunguo kati ya wimbo na wimbo. Mgeni anaona wanapoteza muda. Wacha wakaze, kanuni iliyopotoka inaharibu fidla zote zinazoifuata.

Sare ni alama ya kikundi na ndiyo hatua inayomtoa mtu kwenye kuwa "yule dada wa meza ya pembeni." Kikundi cha mashabiki huchagua kanga, kitenge au dera la aina moja kwa uzinduzi wa wimbo, kwa Idi, au kwa siku ya kuzaliwa ya mwimbaji wao. Ukiambiwa rangi na bei, umeshaingia. Ukiambiwa "vaa chochote," bado.

Anayepewa kazi ya kusimamia sare ajue mambo yanayoharibika kila mara. La kwanza ni fedha: kitambaa kisinunuliwe kwa ahadi. Weka tarehe ya mwisho, wasiolipa wasihesabiwe, na mwenye kukusanya aandike jina, kiasi na siku kwenye daftari ambalo yeyote anaweza kulifungua. La pili ni rangi. Nunua zote siku moja, duka moja, kutoka mzigo mmoja. Ukiongeza baadaye utapata jina lilelile la kanga, pindo lilelile, na wekundu uliofifia. Kwenye picha inaonekana kama umeazima. Kwa watu 12 chukua doti 13, kwa sababu wa 13 hujitokeza siku mbili kabla. La tatu ni fundi. Nguo 12 kwa fundi mmoja mwenye cherehani moja zinahitaji wiki mbili na zaidi, na kuelekea Idi fundi huyo ana kazi za mtaa mzima. Mpelekee mapema, mlipe nusu, na mpange siku ya kujaribu, siku tatu kabla ya shughuli. Ndiyo maana dera lililoshonwa tayari limeishinda mishono mingi: linapwaya kwa kila mtu, wembamba na wanene, na halimsubiri fundi.

Maneno ya kanga yachaguliwe kwa kikao. Kanga yenye fumbo kali, ikivaliwa na watu 12 wakaingia kwa mstari, haisomwi kama pambo. Mara nyingi ndiyo hasa nia. Kama si nia yenu, chukueni yenye dua.

Hapo tumeshagusa mipasho, yaani nyimbo na maneno ya kusutana, ambayo watu wa nje hudhani ndiyo taarabu yote. Miaka ya 1990 mashabiki waligawanyika kati ya vikundi viwili vya Dar es Salaam, TOT (Tanzania One Theatre), yenye Khadija Kopa, na Muungano, yenye Nasma Khamis, na mgawanyiko ule uliwapa watu kitu cha kushabikia kama Simba na Yanga. Bendi moja ikitoa wimbo wa kusuta, mashabiki walisubiri jibu la nyingine. Kwa maoni yetu ushindani huo ulijenga vikundi kuliko wimbo wowote wa mapenzi, maana ukiwa na upande una watu wa upande wako. Anayeulaani ushindani wa taarabu na Jumapili yuko uwanjani na jezi hana la kutueleza.

Ila kuna mstari. Ugomvi wa ukumbini huanza kwa namna ileile karibu kila mara: mtu anayekwenda kutunza anageuka, anamkabili mtu fulani aliyekaa, anamnyooshea kidole au noti kwenye ubeti wa kusuta. Aliyenyooshewa akiinuka naye na noti kubwa zaidi, hiyo bado ni michezo na ukumbi unashangilia. Akiinuka bila noti, mshereheshaji mzuri hukata wimbo na kuomba wa mapenzi. Mbaya huchochea kwa sababu noti zinaongezeka. Kabla ya kuchagua ukumbi wa kudumu, mtazame mshereheshaji na walinzi usiku mmoja mzima. Ubora wao una maana kuliko jina la bendi. Na wewe, hadi uwajue watu, ukitunza macho yawe jukwaani tu.

Baada ya ukumbi kuna daftari. Vikundi vilivyo hai vina mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, kibati au upatu kwa jina la mahali pale, vina mfuko wa misiba na kundi la WhatsApp. Hapa ndipo huduma yenyewe ilipo, na hapa ndipo pa kuwa mkali. Uliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha: zamu hupangwaje, nani hushika fedha, na mtu akihama mji katikati inakuwaje. Fedha za sare, za mchezo na za msiba zisikae kwenye simu ya mtu mmoja. Zikichanganyika, msiba wa kwanza utakula sare, na lawama itakwenda kwa mweka hazina ambaye pengine hakuiba hata senti. Kikundi kizuri husoma mapato na matumizi kwa sauti mara moja kwa mwezi. Kisichosoma, kaa nacho kwa muziki tu.

Jambo linalovunja vikundi kuliko fedha ni uhamisho wa waimbaji. Taarabu ya kisasa ina desturi ya mwimbaji kuondoka na kuanzisha bendi yake, akichukua mpiga kinanda na nusu ya nyimbo. Mashabiki hugawanyika siku hiyohiyo: wanaomfuata mtu na wanaobaki na bendi. Vikundi vilivyodumu ni vile vilivyoandika mapema kwamba mchezo na mfuko wa misiba haviendi na bendi yoyote. Watu wanavaa sare tofauti Jumamosi na kuzikana pamoja Jumatatu. Vilivyojiita kwa jina la mwimbaji, akishaondoka, havina hata jina la kuandika kwenye daftari.

Kwa wanaume: njooni, meza hazina ubaguzi, ila anayekuja kutafuta mchumba usiku wa kwanza hujulikana kabla hajakaa, na habari zake hufika kumbi nyingine kabla yake. Kwa wenye shaka za dini, vilabu vya asilia vina wazee wanaowahi swala na kurudi kwenye udi, na hawatakulazimisha uamuzi wowote. Chakula: kula nyumbani. Mishikaki ya ukumbini ni ghali na imekaa. Kurudi: kubaliana na dereva wa bajaji kabla ya kuingia, au ondokeni watu watatu, kwa kuwa onyesho likiisha saa tisa wote mnatoka kwa pamoja na bei inapanda.

Alama zetu, kwa anayetafuta watu: harusi juu kabisa kama umealikwa, ukumbi wa kisasa wa mtaani unafuata kwa karibu, klabu ya asilia ni ya mwenye subira, lakini ukikubalika umekubalika, tamasha la jukwaa kubwa ni la masikio na picha. Meza ya VIP usinunue. Inawekwa mbele, chini ya spika, imezungushiwa kamba, na wanaokaa hapo hufika pamoja na kuondoka pamoja. Bei ya kiti kile ingekutosha kwa kiingilio cha kawaida, bahasha nzima ya kutunza na doti ya sare.